Mwanamke wa Tonota

Gorata, uko? Nimefanya jambo la aibu, sijui niuweke wapi uso wangu.

Unajua gari letu kuukuu, kilomita laki tatu na ushee, lilivyoanza kunywa petroli. Tanki la wiki nzima siku hizi halifiki Alhamisi. Nikaamini mume wangu Onkabetse ana mwanamke kijiji cha mbali, huko Tonota, ndiko petroli inakoishia.

Leo nikamwambia mezani: "Huyo wako mwambie ajinunulie petroli." Mbele ya mama yake, Gorata. Mbele ya mama yake. Na mjomba wake nilishampigia asubuhi aje atuamue.

Mume wangu alichukua ufunguo, akasema, "Twende."

Njiani gari lilinuka kama kitu kinaungua. Akaegesha. "Gusa magurudumu, moja moja."

Matatu yalikuwa na uvuguvugu tu. La nyuma kushoto likanichoma kiganja. Breki imenasa, haiachii. Gari limekuwa likienda huku limeshikwa, ndiyo maana linakunywa hivyo.

"Huyo ndiye mwanamke wangu," akasema. Hakucheka.

Tumerudi tukamkuta mjomba kibarazani na koti lake la mashauri. Onkabetse akamsalimia, akamwambia, "Afadhali umekuja, mjomba. Mke wangu alikuita unisaidie kufungua gurudumu."

Sasa mzee amevua koti, yuko chini ya gari. Mama mkwe, aliyesikia kila neno, amenipa vikombe: "Wapelekee chai, mwanangu."

Chai inapoa. Bado nimesimama jikoni.