Kwa Babu Miraji, Aliyeupigia Hodi Moyo Wake

Mwaka umetimia, Babu Miraji, tangu ulipotuacha hapa Wembley na kiti chako ambacho hadi leo hakina mrithi. Ami Nizar alikijaribu siku ya hitima. Kikakohoa kama wewe, naye akahamia mkekani bila kuaga.

Ulikuwa mpole, mcheshi, na mgumu wa jambo moja: hukuingia nyumba yoyote bila kupiga hodi mara tatu, hata yako mwenyewe, ufunguo ukiwa mfukoni. Uliporudi kutoka kazini, kwenye mageti ya uwanja wa mpira, ulisimama mvuani ukingoja Bibi Jokha aitikie. "Ingia, mwanamume, utaota kuvu!" alifoka kutoka jikoni.

Bibi alipofariki, uliendelea kuipigia hodi nyumba tupu. Ulisikiliza, ukatabasamu, ndipo ukafungua. Hatukuuliza nani aliyeitikia. Tulikuwa na adabu, na tuliogopa.

Mwaka 2006 kifua kikaanza kukubana. Hospitalini waliamua kuupanua mshipa wa moyo kwa puto. Kwanza daktari alipitisha waya mwembamba wenye mashine ndogo nchani, inayopiga sauti ndani ya mshipa na kuchora kuta zake kwenye skrini. Jedidah, muuguzi kutoka Nakuru, ndiye aliyetusimulia. Ulikuwa macho, umelala chali. Waya ulipokaribia moyo ukasema, "Hodi."

"Unamwita nani, mzee?"

"Mwenye nyumba, binti yangu. Kuingia kimya ni wizi."

Ukaita tena, na tena. Kisha ukatega sikio, uso ukabadilika. "Mwambie daktari asisukume. Jokha anasema ukuta mbovu."

Jedidah hakuwahi kutafsiri. Picha ilishatokea: duara kama kitunguu kilichokatwa, na upande mmoja donge la mafuta laini chini ya utando mwembamba. Daktari akasimamisha mkono. Akaeleza kwamba puto likibana pale, donge litapasuka, chembe zake ziteremke na kuziba mishipa midogo, na moyo ukose damu palepale mezani. Jedidah anasema chumba kile kina baridi siku zote, lakini siku hiyo baridi ilikuwa nyingine.

Ikabaki kuchagua: kuufungua mshipa kwa puto pamoja na hatari yake, au kurudi nyumbani na vidonge, tukiomba donge lisinyae kabla mshipa haujaziba kabisa. Shangazi Ibtisam alilia usubiri. Ami Nizar alitaka mshipa ufunguliwe.

"Baba, hatuwezi kuamua mambo kwa sauti za maiti!"

"Mashine na marehemu mama yako wamesema neno moja, Nizar. Wewe unabishana na yupi?"

Ami akaenda kukuchukulia dawa. Ukarudi nyumbani na vidonge vyako. Miezi ile ulipanda ngazi ukipumzika njiani, na sisi tulilala masikio yakiwa ukutani, tukisikiliza kama bado unapumua.

Uliporudishwa hospitalini, daktari, Mwingereza asiyejua hata salamu yetu moja, alimgeukia Jedidah. "Mwombe apige kwanza."

Ukapiga. Mara hii hukungojeshwa jibu. Machozi yalikutoka hapo hapo.

"Amesemaje?" Jedidah akauliza.

"Ya mke na mume hayo. Fanyeni kazi."

Picha ikaonyesha donge limesinyaa na utando umekuwa mnene. Puto likabana, kibomba cha waya cha kuushikilia mshipa wazi kikawekwa, na hakuna kilichopasuka. Ulirudi ukapanda ngazi kwa mkupuo mmoja, ukaanza tena kututisha kwa kutuita majina kutoka chumba ambacho hukuwamo. Ulimkarimu kila mgeni, ukamfundisha Afra kukaanga sambusa, ukamcheka Ami Nizar hadharani, jambo lililotuburudisha sote isipokuwa yeye.

Kisha, alasiri moja, ukalala kitini na hukuamka. Daktari alituhakikishia kwamba mshipa ule haukuziba. Tulimwamini. Damu ilikuwa na njia, Babu. Wewe ndiye uliyekuwa na safari nyingine.

Unakumbukwa na wanao Nizar na Ibtisam, wajukuu wako Afra, Asad na Abdulwakil, na Jedidah uliyemwita binti. Hututoki moyoni.