Uchovu wa Kesho Yake

Lodwar

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo kutoka huku kwenye joto na vumbi. Goti linaendeleaje? Na wale mbuzi waliokuwa wakikohoa, wamepona? Mimi niko salama na bado nafundisha, na ni kwa sababu yako, kwa hivyo tulia nikushukuru vizuri.

Unakumbuka Desemba, akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, walipokuja kwetu Nuu kutuchimbia matuta. Mimi na ukaidi wangu nilishika jembe kama wao, nikaimba hadi jioni. Kesho yake sikuweza kuinua mwiko, na moyo ulidunda hata nikiwa nimelala. Niliwasikia uani wakisema ualimu umenifanya mvivu. Iliniuma, Mama, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini. Tangu nipone korona niliona mwili umedeka tu, nikawa naufukuza kwa kazi, maana nyumbani tumezoea kusema jasho hutoa ugonjwa.

Wewe ndiye uliyeketi kitandani kwangu ukasema, "Mwiitu wakwa, binti yangu, siku ya jembe huanguki. Unaanguka kesho yake. Hata kwenye matanga kule Kabati ulibeba maji, kesho yake ukalala. Ambia daktari."

Nimemwambia. Daktari wa hapa, kijana mpole, alinisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama nasahau majina ya wanafunzi, nikacheka, kwani siku hizi nawaita wote "wewe". Alisema amewaona wengine ambao korona iliwaachia hayo hayo: uchovu unaochelewa, moyo kwenda mbio, kusahausahau. Hana dawa ya kuyamaliza, ila amenitaka nipumzike kabla ya kuchoka. Sasa nafundisha nikiwa nimeketi, na nguo nafua chache chache. Siku za kuanguka zimepungua, ingawa hazijaisha.

Hofu yangu ilikuwa shamba langu. Mwethya humchimbia anayechimba, na mimi jembe limenishinda. Juzi kaka Musyoka akanipigia kunieleza ulivyosimama mbele ya kikundi ukanitetea, na Mama Kavata, mwenyekiti, akasema, "Huyo atatuchungia watoto kivulini. Hiyo pia ni kazi." Kisha wakaenda kuchimba kwangu nami niko huku. Nililia mbele ya mwalimu mkuu.

Nisalimie Musyoka, shangazi Syombua wa duka la Mwingi, na mchungaji anayeniombea. Akina mama wa kikundi waambie nimeshukuru sana. Nikija Aprili nitaketi na watoto wao, sitagusa jembe, na sitaona haya.

Binti yako akupendaye,
Mutheu