Siku Ishirini na Tatu Mfukoni

Nyacheki,
4 Februari 2024

Kwa mkaza mwana wangu Gentrix,

Salamu kwako na kwa mjukuu wangu Natasha. Natumaini mko wazima huko Kisii mjini. Sisi tunaendelea. Mvua imechelewa na chai imekonda, lakini mama yenu Mong'ina ana nguvu na amerudi kwaya ya kanisa.

Nimefanya ulivyoniagiza kama muuguzi. Nilikaa na saa, vidole viwili juu ya mshipa wa mkono, nikahesabu mapigo dakika nzima. Mara ya kwanza mia moja na kumi na mbili. Mara ya pili tisini na saba. Hayaendi kwa mwendo mmoja. Mawili yanakimbizana, kisha kimya, kisha moja kubwa kama mtu anagonga mlango. Miaka thelathini na moja nilihudumia mashine kiwandani Itumbe. Mashine ikitoa sauti ya namna hii tulikuwa tunaizima kwanza, halafu tunaiangalia. Hii sijui inazimwaje.

Unajua kwa nini naandika. Kwenye simu ni kama unanitazama usoni, na habari za kifua changu si za kumwambia mke wa mwanangu akiwa ananitazama. Chinsoni zetu, miiko ya heshima kati ya wakwe, ndivyo zilivyo: miaka tisa umeolewa hapa na hatujawahi kushikana mkono, hata siku ya harusi. Karatasi haina macho. Na wewe Ekegusii bado kinakushinda, mimi Kijaluo sikijui, kwa hiyo Kiswahili cha shule kitatutosha.

Mumeo Bosire atakuletea barua hii leo jioni akirudi kazini.

Ni mimi baba yako,
Nyasani

*

Kisii,
25 Februari 2024

Baba,

Nakusalimu kwa heshima, na mama pia. Natasha ameng'oka jino la mbele na anataka babu ajue.

Daktari aliyekuwekea nyaya kifuani Alhamisi ameniomba nikueleze, maana anasema ulitikisa kichwa tu na hukuuliza kitu. Vyumba vya juu vya moyo wako havipigi, vinatetemeka. Damu iliyopaswa kusukumwa inabaki humo, na damu iliyotulia huganda. Kipande kikitoka humo kikapanda kichwani kinaziba mshipa. Hicho ndicho kiharusi.

Umepewa dawa mbili. Ya kwanza inapunguza mbio za moyo. Ya pili, vile vidonge vya rangi ya waridi, inazuia damu isigande. Ya pili ndiyo inayokukinga na kiharusi. Hutaisikia ikifanya kazi wala hutaona nafuu yoyote. Usiiache kwa sababu hiyo.

Kila mwezi upimwe damu. Namba iwe kati ya mbili na tatu. Ikishuka, damu inaweza kuganda. Ikipanda sana, unaweza kuvuja. Managu na chinsaga uendelee kula, ila kiasi kile kile kila wiki, kwa sababu mboga za majani zinapingana na dawa hii. Chupa nitamkabidhi Bosire kila mwezi, na juu yake nitaandika tarehe kwa mkono wangu.

Nina ombi moja. Mtu yeyote asibadilishe kidonge kabla mimi na wewe hatujaandikiana. Hata Bosire. Niahidi.

Mkweo,
Mama Natasha

*

Nyacheki,
12 Mei 2024

Mkaza mwana,

Habari za huko? Mwambie Natasha jino lake nimelisikia, na kwamba langu la nyuma nalo limetoka, kwa hiyo tuko sawa. Mimi ni mzima isipokuwa jambo nitakalolitaja.

Ahadi nimeishika. Sasa nataka jibu, na ulinyooshe.

Jumatano nilitoka damu puani tangu chai ya asubuhi hadi karibu saa sita. Mama yenu alijaza taulo mbili. Kesho yake alichukua chupa yako akaenda nayo sokoni, kwa mwanamke anayeuza dawa za mifugo. Yule mama akasoma jina, akasema, "Mong'ina, hii si ndiyo wanayotegea panya?" Watu walikuwa wamesimama dukani. Unawajua watu wa hapa. Kabla hajafika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia: mwanamke wa ziwani anamlisha baba mkwe sumu ya panya.

Nilimwambia Mong'ina, "Gentrix hawezi kuniua." Akanijibu, "Ulimuuliza?"

Basi nauliza. Ni dawa ya panya au si dawa ya panya?

Baba yako,
Nyasani

*

Kisii,
14 Mei 2024

Baba,

Nakusalimu. Poleni nyote, na mama pole kwa hofu.

Ni kweli. Panya huuawa kwa dawa hiyo hiyo. Kwa panya ni nyingi, avuje damu hadi afe. Kwako ni kidogo, na ndiyo maana tunapima kila mwezi, tusivuke. Nilipaswa kukuambia mwezi wa pili. Niliogopa ungekataa kuimeza, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, silipunguzi.

Nimemuuliza Bosire kama ulimeza kitu kingine. Anasema ulinunua vidonge vya goti sokoni. Hivyo ndivyo vilivyokutoa damu. Vidonge vya maumivu vya aina hiyo havikai na hii ya waridi katika mwili mmoja. Goti likiuma, niandikie.

Umepimwa jana, namba ni tatu na nukta sita. Daktari amepunguza dozi. Hajaiondoa. Mwambie mama anitukane mimi, wewe uendelee kumeza.

Mkweo,
Mama Natasha

*

Nyacheki,
6 Agosti 2024

Mkaza mwana,

Salamu nyingi. Chai imerudi, tunachuma mara mbili kwa wiki. Goti limetulia. Mama yenu hanung'uniki tena na tunakula meza moja kwa amani.

Nashukuru kwa vidonge vyeupe ulivyobadilisha tangu mwezi wa sita. Havinitoi damu. Ni vichungu kidogo vikikawia ulimini, lakini si neno. Pia nashukuru kwamba safari za kupima damu zimekwisha, kama Bosire alivyonieleza. Chupa mpya haina tarehe ya mkono wako. Labda una kazi nyingi.

Moyo bado unagonga mlango. Nangoja jibu lako.

Baba yako,
Nyasani

*

Kisii,
29 Agosti 2024

Baba,

Leo naomba unisamehe, salamu zitakuwa fupi.

Barua yako ya tarehe sita nimeiona leo saa saba mchana, katika mfuko wa ndani wa koti la Bosire nilipokuwa nikilifua. Siku ishirini na tatu. Bahasha ilikuwa imefunguliwa.

Mimi sijakutumia kidonge cheupe hata kimoja.

Nilikwenda kwenye karakana yake ya kuchomelea. Katika sanduku la vifaa nimekuta chupa zangu tatu, ya Juni, ya Julai na ya Agosti, zimejaa. Nikamuuliza unameza nini. Akasema, "Aspirini. Ni dawa pia." Yeye na mama walikubaliana tangu Juni. Nikamuuliza kuhusu vipimo, kwa sababu kila mwezi alinisomea namba alizosema ni za maabara ya huko, mbili na nukta nne, mbili na nukta saba, na mimi nikawa naziandika. Akasema, "Nilikuwa nakisia. Nyumba ingevunjika, Gentrix. Mama upande huu, wewe upande ule. Nilitaka amani."

Nimepiga simu yako mara tatu. Mara ya tatu mama alishika. Nilimwomba akupe. Akasema, "Tangu lini mke wa mtoto anaongea na baba mkwe?" Akakata.

Aspirini haitoshi kuzuia kiharusi kwa moyo kama wako. Kesho panda gari la kwanza uje hospitali upimwe na uanzishiwe upya. Usimeze za waridi nyingi ukidhani unafidia. Niko zamu hadi saa mbili asubuhi. Nitakungoja langoni. Ikifika saa nne hujaja, nitakuja mwenyewe. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikataa, msingoje kitu.

Barua hii anaichukua ndugu yako Ochoki, nimempata stendi akirudi nyumbani. Ameahidi kukupa mkononi.

Mkweo,
Mama Natasha

*

Kisii,
22 Septemba 2024

Baba,

Nakusalimu. Nimefurahi kusikia kwamba unameza uji bila kupaliwa.

Siku ya kuondoka wodini ulinionyesha viatu vyako kwa kidole, ukanitazama. Nadhani ulikuwa unauliza ilikuwaje. Nitakuandikia nilichokiona na nilichoambiwa, bila kuongeza.

Ulianguka Ijumaa tarehe thelathini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, karibu na zizi. Ulikuwa umevaa viatu vya kanisani. Mama anasema hajui kwa nini, haikuwa Sabato. Walikubeba ndani. Waliita wazee wa kanisa, wakaomba. Hakuna aliyeita gari. Mimi nilingoja langoni hadi saa nne, kisha nikaja. Nilifika saa tano kasoro dakika kumi. Dawa ya kuyeyusha donge, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Kwako zilikuwa zimepita saa nne na dakika ishirini, na Kisii ilikuwa bado mbali.

Mdomo ulikuwa umepinda na upande wa kulia haukuwa na nguvu. Niliingia chumba chako cha kulala, ambacho sikupaswa kuingia maishani mwangu. Nikakushika mkono. Mama akasema, "Wewe, huyo ni baba mkwe wako." Nikamwambia, "Leo ni mgonjwa wangu. Shika miguu." Akashika.

Bosire alifika hospitali mchana. Alilia sana kwenye ukumbi, watu wakampa pole. Mimi sikumpa. Mwanamume niliyelala naye kitanda kimoja alinitungia namba za damu ya baba yake, mwezi baada ya mwezi, na usoni hakubadilika. Mimi na Natasha tumehamia chumba karibu na hospitali.

Dawa ya waridi umerudishiwa wiki iliyopita, baada ya picha ya kichwa. Mama ndiye anayekupa. Nimemwonyesha mara tatu.

Mkweo,
Mama Natasha

*

Nyacheki,
17 Novemba 2024

Mkaza mwana,

Salamu. Mkono ni wa kushoto. Barua hii imenichukua siku tisa. Ataileta Ochoki.

Mong'ina ananipa za waridi. Kila moja naitazama kwenye mwanga wa dirisha kwanza. Yeye anangoja.

Viatu. Ochoki alinipa barua yako jioni ile. Niliisoma mara mbili. Asubuhi nilikuwa nakuja kwako.

Kuna jambo nataka ujue. Vyeupe, nilijua havikutoka kwako. Chupa haikuwa na mwandiko wako. Sikuweza kumshtaki mke wangu na mwanangu kwa mwanamke wa mwanangu. Kwa hiyo niliandika asante. Lile lilikuwa swali. Nilijua ukilisoma utashtuka.

Nilingoja. Wiki ya kwanza nikasema ana kazi. Wiki ya pili nikasema amekubaliana nao. Wiki ya tatu nilimeza vyeupe nikikuhesabu pamoja nao. Kwa hilo nakuomba radhi.

Bosire huja kila Jumapili. Anakaa karibu na kitanda, ananishika mkono huu usiosikia, anaongea. Anasema alifanya kwa upendo. Kwa kuwa sauti sina, anafikiri nimemsamehe. Wiki jana nilimsikia akimwambia mama yake hivyo juu yangu, "Tata alishanisamehe."

Wewe una sauti. Mwambie bado.

Baba yako,
Nyasani