Majani ya Ukingo wa Chemchemi

Jumamosi, 3 Septemba 1983
Nimemwaga maji ya vyombo tena chini ya mti wa avokado. Kazi bure. Jeraniamu zimekufa, zote sita. Pale jua halifiki. Pengo ni hatua nne kwa mbili, kati ya jikoni na ua, na akina mama wa kanisa watakaa hapo tarehe 25. Nahitaji mimea inayopenda kivuli. Tena yenye sura ya ugenini, kama ile ya nyumba ya wamisheni. Majani, si maua.

Jumatano, 7 Septemba
Nimeipata. Miaka yote nateka maji pale kwenye chemchemi na sijawahi kutazama juu. Ukingo umejaa majani kama manyoya ya jogoo, na mengine mapana kama masikio ya ndovu. Saa saba mchana hakukuwa na mtu. Nimeng'oa kumi na nane, nikayafunika kwa gunia. Mizizi ilikuwa imeshikana sana. Ilibidi nitumie jembe.

Ijumaa, 9 Septemba
Mapana nyuma, ya manyoya mbele, mawe madogo katikati. Hakuna pengo. Nimesimama pale kama mjinga, nikitazama tu. Jirani yangu Mama Ndinda, mwenyekiti wa kamati ya maji ninayoiandikia, alipita. "Karani, hii Ulaya umeileta na basi gani?" Nikacheka. Nikasema nimeletewa kutoka Nairobi. Hakuyatambua. Chini ya avokado yanaonekana mengine kabisa.
Uongo umetoka upesi.

Jumatano, 14 Septemba
Ukingo wa chemchemi umeporomoka. Msichana mmoja alikanyaga juu, udongo ukateremka wote ndani ya maji. Yeye hakuumia. Nimepaona mahali penyewe. Ni pale pale nilipochimba. Tulisubiri karibu saa mbili tope litulie, madebe yamepangwa hadi njiani.
Nikajaza debe langu, nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 16 Septemba
Mkutano wa kamati. Wamemlaumu Susu Kalekye, nyanya yetu sote, anayepanda nduma kwenye unyevu chini ya chemchemi. Mahindi yake yalikauka. Nduma ndizo chakula chake.
Mama Ndinda alisema alama za jembe zimeonekana, na hakuna mwingine anayelima pale.
"Nduma zangu ziko chini," Susu akasema. "Zilipanda huko juu lini, na kwa mguu gani?"
Watu wakaangua kicheko.
"Susu, tuheshimiane," Mama Ndinda akasema. "Hapa si mchezo."
Uamuzi: azing'oe zote kabla ya Jumanne jioni. Mimi ndiye karani. Nimeandika: "Imeonekana kwamba ukingo umeharibiwa na kilimo." Imeonekana. Na nani? Neno zuri kwa mwoga.

Jumatatu, 19 Septemba
Nimemkuta Susu aking'oa. Nduma bado changa, nyingi hazizidi kidole gumba. Akatia nne kwenye kiondo changu. "Chukua, karani. Wewe hukunicheka."
Nimezichemsha. Nimezila. Zilikuwa tamu. Mimi ni mtu mbaya.

Jumanne, 20 Septemba
Nimeng'oa majani yote kumi na nane, nimeyabeba mchana hadi chemchemi, bila gunia. Foleni ya maji ilikuwa ndefu. Nikasema mbele ya wote kwamba jembe lilikuwa langu.
Susu akasema: "Na uliandika vizuri hivyo."
Afadhali angenitukana. Alikuwa amemaliza kung'oa asubuhi. Mstari hata mmoja haukubaki. Nilichelewa kwa nusu siku tu, na hiyo nusu siku niliitumia kupanga maneno.
Mama Ndinda amechukua daftari la kamati. Akina mama wataenda kwake tarehe 25.

Alhamisi, 22 Septemba
Nimepanga mawe kwenye ukingo. Kati ya majani niliyoyapanda tena pale, saba yanaelekea kushika. Mengine yamenyauka.

Jumapili, 25 Septemba
Baada ya ibada nilipitia chemchemi. Susu alikuwa anapanda upya machipukizi ya nduma kwenye tope. Nilimsalimu. Akaitikia bila kuinua kichwa. Nikavua viatu, nikaingia. Hakunifukuza. Tulipanda mistari mitatu, kila mtu na upande wake.
Nilimuuliza zitachukua muda gani.
"Miezi minane. Mvua ikikubali."
Hiyo ni Mei. Mpaka Mei atakula nini, sikuthubutu kuuliza.