Paluku Alivyotusema Vibaya Mbele ya Basoda

Butembo, Jumatatu

Lakini huyu Paluku, mwenye kutupatia mazoezi ya nguvu mu timu ya institut, shule yetu ya sekondari, leo namupigia saluti.

Tulikuwa tumelala ku majani, tunahema, baada ya kupandisha mifuko ya muchanga ku kilima, basoda bakafika na bunduki zabo. Banatafuta batu ya kubeba masanduku ya risasi mpaka Beni. Wenye kubeba hivyo, bengi habarudiake.

"Wenye nguvu ni banani?" mukubwa yabo akauliza.

Mimi na hii kifua yangu, kichwa ngumu, nilianza kusimama. Paluku akanisukuma chini.

"Hawa, chef? Kilima moja tu, bote banakufa! Huyu munene, hata ndoo ya maji inamushinda."

Bakacheka, bakaenda.

Alinijenga hii mwili mwaka muzima, akaiita takataka ili nirudie kwa mama.