Mnada Ndani ya Chumba cha Upasuaji

Nyumbani kwa Mbiu,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji je, mgongo wake umetulia? Watoto wanaendeleaje na masomo? Sisi huku ni wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea ya barua. Ni wazima kweli, sote, na mdogo wetu Mbiu akiwemo. Nimeanza na hilo ili moyo wako utulie kwanza, maana simu ya juzi ilikatika nikiwa nimefika "wamemfungua kichwa," na najua umebaki na maneno hayo kama mtu aliyemeza mwiba. Mtandao wetu nao unajua pa kukatia!

Haya, kaa chini, jimiminie chai, nikusimulie tangu mwanzo.

Siku ile Mbiu alipoanguka mnadani akatetemeka mwili mzima, sote tulisema ni jua. Kumbe sivyo. Picha za hospitali zilionyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, umejibanza jirani kabisa na sehemu inayompa mtu maneno. Hebu fikiria, dada: dalali, mtu ambaye mdomo ndio jembe lake, na ugonjwa hauoni pengine pa kukaa ila hapo! Wifi yetu alilia mpaka nikaacha kumbembeleza, nikalia naye.

Daktari wa upasuaji ni mwanamke mfupi, mpole, anayeongea taratibu. Alituambia uvimbe usipotolewa utamharibu, na ukitolewa ovyo atabaki bubu. Akasema ni sawa na kung'oa kisiki uani wakati hujui bomba la maji limepita wapi. Lazima kwanza ujue bomba liko wapi. Na ubongo haufanani kwa watu wote, kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Watamlaza, watamfungua, kisha watamwamsha. Ubongo wenyewe, anasema, hausikii maumivu. Atakuwa anaongea huku wao wanagusa sehemu moja moja kwa umeme kidogo sana. Wakigusa mahali na maneno yakakatika, wanaweka kikaratasi chenye namba: hapa hapaguswi, hata kama uvimbe upo.

Mimi nilitamani kukimbia. Mbiu je? Aliuliza kama wasikilizaji watakuwa wengi!

Kabla ya siku yenyewe alipewa mwalimu wa matamshi, kijana mmoja mwenye miwani, amfanyishe mazoezi. Nilikuwepo. Anaonyeshwa picha, anatakiwa aseme tu "hii ni ndoo," "hiki ni kiti." Hayo tu. Ikaja picha ya ndoo. "Ndoo hiyo! Haivuji, haina kutu, mwenye macho haambiwi tazama! Nani anaanza?" Mwalimu akamrekebisha kwa upole. Ikaja ya kiti. "Kiti hicho! Ukikikalia hutaki kuinuka, muulize mke wangu!" Wifi akajifunika uso kwa kanga. Mwisho yule kijana alisalimu amri. Alikwenda kushauriana na daktari, akarudi na jibu lililonifurahisha: kama usemi anaoutaka mgonjwa ni wa mnadani, basi huo nao upimwe. Kwa hiyo ikapangwa aanze kwa kutaja vitu kawaida, kisha anadi.

Siku ikafika. Mimi na wifi tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mbele ya mlango wenye vioo vya ukungu. Kila mlango ukisukumwa tunasimama kama wanafunzi mbele ya mkuu wa shule. Wifi anasali, mimi napiga miayo. Unajua hofu yangu ilivyo, huniletea usingizi usioeleweka.

Mara akatoka muuguzi, mavazi ya kijani, kitambaa mdomoni, anatembea haraka. Akauliza nani ndugu wa dalali.  Wifi alikaa chini sakafuni, si kwenye benchi, sakafuni. Nikasema ni mimi, ni dada yake. Na yule muuguzi, badala ya habari niliyoiogopa, akaniuliza swali ambalo sikulielewa hata kidogo:

"Mdogo wako akiwa kazini, kuna mahali ananyamaza kwa makusudi?"

 Kisha nikakumbuka, nikapiga kelele ukumbi mzima ukageuka. "Ndiyo! Kabla ya mara ya tatu!"

Wewe uliondoka kabla hajawa dalali mkubwa, hujamwona. Siku hizi watu wanakuja kumsikiliza hata wasiponunua. Akinadi kitu anakwenda mbio, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu kimya. Anawatazama tu. Hapo ndipo mwenye tamaa anashindwa kuvumilia, anapandisha bei. Kile kimya ndicho kinachouza, midomo ni kelele tu. Nikamweleza muuguzi yote hayo, mkono mmoja nimemshika wifi asilale sakafuni. Akaitikia kwa kichwa akarudi ndani mbio.

Mwalimu wa matamshi ndiye aliyenisimulia baadaye yaliyokuwa yakitokea mle ndani. Walikuwa wamefika ukingoni mwa uvimbe, penye kipande kikubwa. Daktari anagusa, Mbiu anaonyeshwa saa ya ukutani. "Saa hiyo! Haichelewi kama mwenyewe! Mara ya kwanza, mara ya pili..." kimya. Wakaondoa umeme, wakamuuliza imekuwaje. Akajibu, "Nasubiri wapande." Watu wakatazamana. Umelala na kichwa kimefunguliwa, unawasubiri nani wapande? Wakaona amechanganyikiwa. Wakarudia, akanadi upya, akanyamaza palepale. Kanuni yao ni kutoamini mahali mpaka pajaribiwe zaidi ya mara moja, na hapo palikuwa pamejibu vilevile. Kikaratasi kilishashikwa mkononi. Kipande kile chote kingeachwa kichwani mwake, kikaendelea kukua, kwa sababu ya biashara!

Lakini yule kijana alikuwa na wasiwasi. Alisema mtu aliyekatikiwa maneno hahangaiki hivi, huyu anatabasamu. Ndipo akaomba tuulizwe sisi. Jibu liliporudi, daktari akacheka ndani ya kitambaa chake, akaamuru mnada ufungwe. Wakagusa tena palepale, picha ileile. "Hii ni saa," akasema Mbiu, bila kukwama. Tena. "Hii ni saa." Tena. Basi hapo hapakuwa pa maneno, ni uvimbe tu, wakautoa.

Usidhani yote yalikuwa mzaha. Mbele kidogo waligusa mahali, akaonyeshwa mwavuli, na hapo tabasamu likaondoka. Ameniambia mwenyewe kwamba aliujua mwavuli, aliuona, alijua hata unafunguliwaje, ila jina lilikataa kutoka, na aliogopa kuliko siku zote za maisha yake. Hapo pakawekwa namba, pakaachwa, pamoja na utepe mwembamba wa uvimbe ulio nyuma yake. Daktari anasema huo watauchunga kwa picha kila baada ya muda. Majibu ya maabara bado. Sikufichi.

Na tulionywa pia kwamba ubongo huvimba baada ya kuguswa, maneno yanaweza kupotea kwa siku kadhaa. Kuonywa ni jambo moja, dada, kuona ni jingine. Kesho yake aliamka akawa hasemi. Anatufahamu, anatushika mikono, machozi yanamtoka, lakini kinywa kimefungwa. Watoto wake waliletwa, akawapapasa vichwa, wakaniuliza, "Shangazi, baba amenuna?" Nikaenda dirishani nikajifanya natazama magari. Nilijiambia wamekosea, wamekata bomba. Wifi ndiye aliyesimama imara safari hiyo. Alikaa kitandani kwake akimsimulia habari za jirani zetu wote, uongo na ukweli, hata pumzi hakuvuta.

Jana asubuhi nilikuwa nakunja shuka zake. Nikasikia nyuma yangu, kwa sauti ya kukwaruza, "Dada."

Nilitupa shuka! Nikaruka mpaka kitandani, "Nipo, mdogo wangu, nipo hapa!" Akanitazama, akatikisa kichwa taratibu.

"Si wewe. Mkubwa."

Mimi niliyelala kwenye benchi, niliyemwosha, niliyemlisha uji kwa kijiko, naambiwa si mimi! Wallahi sijawahi kufurahia kukataliwa namna ile. Nikamwambia uko mbali, una wasiwasi, hujui lolote tangu simu ikatike. Akafunga macho, akayatafuta maneno moja moja, nikaona anavyohangaika, nikataka kumwambia aache. Akayapata.

"Mwambie nasema."

Basi nimekaa kuandika kabla ya jambo lolote. Dada yangu, mdogo wako anasema.

Wifi anakusalimu sana, watoto wanakubusu mikono, na mwalimu wa matamshi, ambaye sasa ni mtu wa nyumbani, anaomba akujue. Msalimie shemeji na wanangu wote hapo. Mungu akuweke, akurefushie maisha utuone tena.

Ni mimi nikupendaye bila kupunguza,
Dada wa Kati