Namba Ndogo Niliyoipaka Nyekundu

Jumatano, Brussels. Mvua nyembamba tangu asubuhi. Nasikia baridi hata ndani ya koti.

Nimekosea kazini, na kosa limeshatoka nje ya ofisi.

Tunaandaa taarifa za darubini ya eksirei iliyoko angani. Ndani yake kuna spektromita, chombo kinachotenganisha mionzi hiyo kwa nishati yake, kama upinde wa mvua unavyotenganisha rangi. Tangu kirushwe, kifuniko chake kimegoma kufunguka, na mionzi dhaifu haipiti. Ofisini tunaishi kama watu wenye msiba.

Kazi yangu ni kupaka rangi jedwali la majaribio ya kwanza: kijani kwa kilichofikia kiwango, nyekundu kwa kilichoshindwa. Ijumaa nilifika mstari wa tatu, uwezo wa kutenganisha mionzi. Namba iliyopatikana ilikuwa ndogo kuliko iliyotakiwa. Nikapaka nyekundu.

Sikuuliza. Niliogopa kuonekana sijui.

Leo mchana nimesoma maelezo ya wahandisi. Namba ile hupima ukungu, yaani jinsi nishati zinavyochanganyikana. Ikiwa ndogo, chombo kinaona vizuri zaidi. Habari njema pekee tuliyokuwa nayo nimeipaka rangi ya kushindwa, na jedwali lilitumwa jana kwa wajumbe wa kamati inayosimamia mradi. Kesho wanakaa kuamua kama kazi iendelee.

Mkataba wangu wa majaribio unaisha mwezi huu. Bila mkataba sina kibali cha kukaa. Nyumbani Dodoma, mama anawaambia majirani kwamba nafanya kazi ya nyota.

Papa Didier, mzee Mkongo wa masjala, aliniona nimeinama.

"Mutoto ya Dodoma, unakula kalamu tena? Ile ni ya bureau."

Nikamwonyesha jedwali. Akavua miwani, akalisogeza karibu na macho.

"Bon. Umwambie madame leo. Kesho akisikia kwa wengine, alors hata mimi sitaweza kukusemea."

Nimeandika barua pepe kwa madame, mkuu wangu, mara nne. Kila mara najikuta naeleza uchovu, haraka, mafua. Mwishoni nimefuta yote, zikabaki sentensi mbili: mstari wa tatu ulipaswa kuwa kijani. Kosa ni langu.

Nimetuma.

Kupitia kioo nimemwona akisoma. Hakunitazama. Amefunga mlango, anapiga simu.

Kesho wajumbe watakuwa na jedwali sahihi. Je, mimi nitaikuta meza yangu?